Tusiwanyang'anye watoto vijisanamu vyao

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii hufundishwa katika shule zetu zote, na kila mwaka huandikiwa insha zisizo na idadi. Ajabu ni kwamba sisi tunaoifundisha ndio tunaokuwa wa kwanza kudharau kilicho kidogo. Nasema sisi, kwa kuwa nami ni mwalimu, na sijitoi katika lawama nitakayoitoa hapa.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikifika Kisumu Ndogo, mojawapo ya vijiji vinavyounda mtaa wa Kibera jijini Nairobi, kusikiliza jinsi watoto wanavyozungumza wakati wa michezo. Hiyo ni kazi ya kawaida ya mwanaisimu. Lugha haikui katika kamusi; hukua vichochoroni, kati ya ukuta wa mabati na mtaro wa maji machafu, vinywani mwa watoto wasiojua kwamba wanasikilizwa. Huko ndiko nilikokutana na mvulana mmoja wa gredi ya sita, ambaye sitamtaja jina, akiwa amekumbatia sanduku la viatu kama mtu aliyebeba mayai.

Ndani ya sanduku lile mlikuwa na jeshi. Vijisanamu vipatavyo thelathini, kila kimoja kirefu kama kidole cha kati, vilikuwa vimelazwa juu ya karatasi za gazeti. Mifupa yao ilikuwa waya wa umeme uliochunwa, miili yao raba ya kandambili kuukuu, ngao zao vifuniko vya chupa za soda vilivyopondwa kwa jiwe. Upande mmoja walikuwa watu wa bati, wenye macho mekundu na mikono ya misumari, waliozaliwa bila shaka katika vibanda vya video ambamo filamu za kigeni hutafsiriwa papo hapo kwa mtindo uliompa sifa DJ Afro. Upande wa pili walikuwa watu wa jiwe. Aliyewaongoza alikuwa amepakwa rangi ya kijivu tangu utosini hadi nyayoni.

"Huyu ni nani?" nikamwuliza.

"Huyo ni Magere, mwalimu. Mkuki haumwingii."

"Na kivuli chake?"

Akakigeuza kijisanamu kile, akanionyesha kibao kilichosimamia. Kivuli kilikuwa kimechorwa hapo kwa rangi nyeusi, kikiwa kirefu kuliko mwenyewe. Anayeijua hadithi ya Luanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye uhai wake ulikuwa katika kivuli, ataelewa kwa nini nilinyamaza kwa muda. Nyanya yake alikuwa amemsimulia ngano ile, naye akaigeuza kuwa kanuni ya mchezo: jeshi la bati likitaka kumshinda Magere, ni sharti lifike kwenye kivuli. Umbali wa kusonga ulipimwa kwa uzi. Bahati iliamuliwa kwa kurusha vifuniko vitano na kuhesabu vilivyoangukia mgongo.

Nilivutiwa zaidi na rangi. Alikuwa na masalio ya rangi ya mafuta aliyopewa na wachoraji wa mabango ya vioski, na chupa tatu za rangi ya kucha zilizotupwa na saluni ya jirani. Brashi yake ilikuwa kijiti kilichotafunwa ncha mithili ya mswaki. Kwanza hupaka rangi ya kushika, akaiacha ikauke usiku kucha. Kisha huzimua nyeusi kwa mafuta ya taa hadi iwe kama chai ya rangi, akaimimina juu ya kijisanamu na kuifuta mara moja kwa kitambaa, weusi ukabaki katika mikunjo na mashimo. Mwishowe huchukua rangi nyeupe kidogo mno, karibu kavu, akaipitisha kwenye pembe za mabega na ncha za pua ili zionekane kana kwamba zimepigwa na jua. Alikuwa amejifunza hayo kwa kuwatazama wachoraji wakitia vivuli katika herufi za mabango. Hakujua kwamba hatua hizo tatu ndizo zinazofuatwa na maelfu ya watu wazima huko Ulaya na Marekani ambao uraibu wao wa jioni ni kupaka rangi vijisanamu vya namna hiyo hiyo.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe. Sanduku nililoliona lilikuwa la pili. La kwanza lilionekana chini ya dawati wakati wa somo la hisabati. Mwalimu akalichukua, na jioni likaishia katika shimo ambamo shule huchoma takataka. Sisemi kwamba mvulana hakukosa; hisabati ina wakati wake. Nasema adhabu ilipita kosa. Kilichochomwa kilikuwa kazi ya miezi minne.

Muhula uliofuata, shule hiyo hiyo iliwaagiza wanafunzi watengeneze gari la kuchezea kwa vifaa vilivyotupwa. Wazazi wengi wa Kisumu Ndogo hutoka alfajiri kwa miguu kwenda kutafuta vibarua vya viwandani na kurudi usiku. Hawana saa ya kukaa na mtoto wakipinda waya. Wakafanya lililo rahisi: wakamwendea mvulana yule yule. Alitengeneza magari saba, kila moja kwa shilingi 50, akayapaka rangi za matatu, na maandishi ubavuni. Lake mwenyewe alilipeleka bila rangi, kwa kuwa rangi ilikwisha kwenye ya wenzake. Matokeo yalipotolewa, wateja wake waliandikiwa kwamba wamezidi matarajio. Yeye akaandikiwa kwamba anakaribia matarajio.

Msomaji anaweza kucheka. Mimi sikucheka, kwa maana nimekaa katika kamati nyingi za elimu nikisikia kwamba Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umekuja kuitoa nchi katika utumwa wa kukariri na kuwafanya watoto watu wa kutenda. Hata mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 uliahidi hivyo hivyo, na sanaa na ufundi vikawekwa katika ratiba, hadi mitihani ilipovisukuma pembeni. Hatuna upungufu wa nia wala wa sera. Upungufu wetu ni wa macho: tunashindwa kuutambua umilisi unapokaa mbele yetu ukiwa na kaptura iliyochanika.

Kuna watakaosema kwamba huu ni mchezo wa kitoto. Na tuuchunguze basi utoto huo. Mnamo mwaka 1824 afisa wa jeshi la Prussia aitwaye Reisswitz aliwasilisha mchezo wa vita wa mezani, nao ukatumiwa kuwafunza maafisa kufikiri. Mwaka 1913 H. G. Wells, yule yule aliyeandika riwaya za kisayansi kuhusu wavamizi kutoka sayari ya Mars, alichapa kitabu cha kanuni za kupiganisha wanajeshi wa kuchezea sakafuni. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa Dungeons & Dragons, ambamo mazimwi na wachawi walichukua nafasi ya wanajeshi. Kampuni ya Games Workshop, iliyoanzishwa London mwaka 1975 na ambayo makao yake sasa yako Nottingham, ilianza kutoa mchezo wa Warhammer mwaka 1983, na mwaka 1987 ikautoa ule wa vita vya angani vya milenia zijazo. Kampuni hiyo inaishi kwa kuuza vijisanamu visivyopakwa rangi, pamoja na rangi na brashi za kuvipaka. Mwezi Desemba mwaka 2024 iliingia katika orodha ya kampuni 100 kubwa zaidi za soko la hisa la London. Sanduku moja la vijisanamu vyake, likifika Nairobi, hupita kodi ya mwezi mmoja ya chumba cha mabati Kisumu Ndogo.

Sitaki kueleweka vibaya. Sisemi kwamba mchezo una thamani kwa kuwa Wazungu wameufanya biashara. Hiyo itakuwa kasumba ya kungoja wengine watuthibitishie kilicho chetu. Sisi wenyewe tuna wachongaji wa mawe ya sabuni wa Tabaka, kule Kisii, wanaochonga na kupaka rangi majeshi mazima ya sataranji. Tuna uchongaji wa Wakamba, ambao asili yake hutajwa kuwa Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Tuna bao, na ajua ya Waluo, michezo ambamo mtu hujifunza kupanga, kusubiri na kupoteza bila kutukana. Mvulana wangu hakuanza kutoka hewani. Yumo katika ukoo mrefu, ila hakuna aliyemwambia.

Hapa niruhusiwe kurudi katika taaluma yangu, kwani naamini kwamba sehemu ya dharau yetu imo katika ulimi. Kiswahili hudunisha kwa viambishi ki- na vi-. Mtu akawa kijitu, gari likawa kigari. Lakini kiambishi hicho hicho kinachopunguza ukubwa ndicho kinachoonyesha dharau. Tukisema kijitu, mara chache huwa tunazungumzia kimo chake. Na tukisema mambo ya kitoto, tumekwisha kuyatupa. Vijana wa Nairobi, kwa kuathiriwa na lugha za Kibantu zilizohifadhi ngeli ya zamani, husema kagari na tugari. Mvulana yule, ambaye lugha ya kwao si ya Kibantu, alikuwa akisema "tuaskari twangu". Mwalimu wake humsahihisha, na kisarufi ana haki. Hata hivyo, sikusikia dharau hata chembe katika tuaskari twake. Nilisikia mapenzi.

Isitoshe, Kiswahili chenyewe kinatufundisha kwamba kidogo kinaweza kukua. Kijiji ni mji uliodunishwa. Kilima ni mlima uliodunishwa. Kijito ni mto, na kijiko ni mwiko. Leo hakuna anayesikia dharau katika maneno hayo, kwa sababu watu waliyatumia kwa dhati hadi yakasimama kwa miguu yake. Na je, jina la Kisumu Ndogo? Halikutolewa na aliyetaka kuudharau mji wa Kisumu. Lilitolewa na watu waliotoka pwani ya ziwa wakaja kutafuta riziki, wakakuta vumbi na mabati, wakaamua kuujenga upya mji wao kwa kipimo kidogo ili wasiusahau. Jina hilo hilo utalikuta Korogocho. Hicho ndicho kijisanamu kwa maana yake kamili: kitu kikubwa unachokipenda, ukakifanya kidogo ili ukae nacho. Mtoto anayemchonga Magere ndani ya Kisumu Ndogo anafanya walichofanya babu zake walipoubatiza mtaa.

Zipo pingamizi nzito zaidi, na si haki kuzipita kimya. Ya kwanza niliisikia kwa mamake mvulana. Hakumtetea mwalimu, lakini hakuhuzunika sana sanduku lilipochomwa. Alikuwepo Kibera baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Aliona majirani wakigeukiana, nyumba zikiteketea, reli iking'olewa. "Sitaki vita nyumbani mwangu," aliniambia, "hata vya mpira."

Sina jibu jepesi kwa mama huyo, wala sidhani kwamba mtu aliyekuwa mbali na moto ule ana haki ya kumpa jibu jepesi. Mtaa huu wenyewe ulizaliwa na vita vya wengine: mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza waliwapa askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles ardhi hii ya msitu, na kwa Kinubi kibra ndiyo msitu. Vita si ngano Kibera. Lakini nilimwuliza mwanawe vikosi vyake viwili ni vya makabila gani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipumbavu. "Hawa ni wa bati, mwalimu. Hawa ni wa jiwe." Adui yake hakuwa na jina la ukoo wala lafudhi. Tena baada ya pambano alivirudisha vyote katika sanduku moja, bati na jiwe bega kwa bega, kwa kuwa hakuwa na sanduku jingine.

Wells naye alihoji hivyo katika kitabu chake: kwamba vita vidogo vya sakafuni humfunza mchezaji jinsi vita vikubwa vilivyo jambo la kipumbavu, lisilotoshea akili ya mwanadamu. Ulimwengu haukumsikiliza, na mwaka uliofuata, 1914, Vita Vikuu vya Kwanza vikaanza. Basi sitadai kwamba vijisanamu huleta amani. Nitadai kidogo zaidi ya hapo: kwamba rangi mkononi imewahi kuisaidia Kibera. Ghasia za mwaka 2008 zilipokuwa zikiendelea, ni mchoraji wa mtaani, Solomon Muyundo, ajulikanaye kama Solo 7, aliyezunguka na brashi akiandika maneno ya amani kwenye kuta na milango. Kundi la Maasai Mbili, lililoanzishwa mwaka 2001 na Otieno Gomba na Otieno Kota, wachoraji wa mabango wa Kibera, liliwaketisha watoto wachore waliyoyaona. Mtoto aliyechora moto anaweza kuuzungumzia. Aliyekatazwa huendelea kuuota.

Pingamizi ya pili ni ya walimu wenzangu: wakati uko wapi? Darasa lina watoto themanini, mtihani unabisha hodi. Nakubali. Lakini muda wa kazi hizi tayari umetengwa na mtaala. Tunachokifanya ni kuuhamishia kwa mzazi asiye nao, naye akaununua kwa fundi wa gredi ya sita. Tukifanya hivyo, hatumfunzi mtoto kutengeneza gari. Tunamfunza kwamba kazi ya mikono ni ya kununuliwa, na kwamba aliyeifanya hapaswi kujulikana. Somo hilo atalikumbuka kuliko hisabati.

Pingamizi ya tatu husemwa na wenzangu wa vyuo vikuu: kwamba mazimwi na watu wa bati ni upuuzi wa kukimbia hali halisi. Wenye kusema hivyo wamesahau fasihi wanayoifundisha. Katama Mkangi, alipotaka kuizungumzia jamii yetu katika riwaya ya Walenisi mwaka 1995, alimpandisha mhusika wake Dzombo katika chombo cha angani na kumpeleka katika nchi isiyokuwa kwenye ramani. Wanuri Kahiu, alipotaka kuzungumzia ukame, alitengeneza filamu ya Pumzi mwaka 2009 juu ya dunia ya kesho isiyo na maji. Wote wawili walikwenda mbali ili watutazame vizuri zaidi. Jina la riwaya ya Mkangi linajisema lenyewe: wale ni sisi.

Nipendekeze basi mambo machache, ambayo hayahitaji bajeti wala tume. Kwanza, kifaa cha mtoto kikichukuliwa darasani, kirudishwe jioni. Kukichoma si malezi. Pili, kazi za mikono zifanyiwe shuleni, mbele ya mwalimu, kwa takataka zilizookotwa na wote, na alama zitolewe kwa hatua alizopitia mtoto wala si kwa mng'ao wa kitu kilichomalizika. Tatu, mwalimu wa Kiswahili amwombe kila mwanafunzi akipe jina alichokiunda na akisimulie. Nimekusanya kwa mvulana mmoja maneno kama zimwi-bati, rangi ya kushika na kivuli cha kufa, ambayo hakuna kamati ya istilahi ingeyatunga vizuri zaidi. Nne, wachoraji wa mabango na mafundi wa jua kali walio hatua chache kutoka lango la shule waalikwe darasani kama walimu wanavyoalikwa. Kundi la kwanza la mtaala huu lilipangiwa kuingia sekondari ya juu mwaka 2026, ambako sanaa na michezo ni mojawapo ya njia tatu za masomo. Tutawatoa wapi wa kuifuata njia hiyo ikiwa tumewachomea mizigo yao njiani?

Nilipofika Kisumu Ndogo mara ya mwisho, sanduku lilikuwa limeongezeka wakazi watano. Mmoja wao hakuwa wa bati wala wa jiwe. Alikuwa mwanamke mwenye kilemba, na mkononi kijiti chembamba chenye ncha nyekundu. Nilidhani ni mkuki.

"Huyo hapigani," mvulana akanieleza. "Huyo ndiye anawapaka rangi wakiumia."